Dungu la mjomba liko nchi gani

Nianze na mpunga. Mjomba wangu, kaka yake mama, analima bondeni Ruvuma chini ya Mahurunga huku Mtwara, mashamba yale ya udongo mweusi ambayo ukikanyaga wakati wa mvua mguu unazama mpaka gotini na kandambili unaiacha humohumo. Katikati ya shamba alijenga dungu, nguzo nne na kitanda cha fito juu yake, kaezeka nyasi, ndipo anapokaa mchana kuamia ndege na usiku kulinda nguruwe na viboko, na mimi nikiwa mdogo likizo zangu nyingi ziliishia juu ya lile dungu na kopo la mawe pembeni.

Sasa kuna mwaka mvua zilipiga kwelikweli, mto ukajaa ukapanda mpaka kwenye mashamba, watu wakakimbilia mwinukoni na kuku na magodoro, wiki kadhaa. Maji yalipopungua mjomba akashuka bondeni kwenda kuangalia kimebaki nini. Akakuta mto umekata njia mpya. Yaani ule mkondo mkubwa, uliokuwa kule mbali upande wa Msumbiji, umepita huku kwetu, umelipasua shamba lake katikati, nusu imebaki huku, na nusu nyingine pamoja na dungu na migomba yake sita imebaki ng'ambo ya maji. Mto wa zamani umebaki kama bwawa refu lenye matete.

Akanipigia simu. Salamu ndefu kama kawaida yake, kisha akauliza, "Njomba, wewe ndo umesoma. Hebu niambie, lile dungu langu sasa hivi liko Tanzania au liko Msumbiji?"

Nilikaa kimya kwenye simu. Nimesoma ndiyo, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha mto ukihama mpaka unaenda wapi. Nikamwambia ngoja nitafute. Na kutafuta huko ndiko kumenifikisha kwenye haya ninayoandika leo, maana nilidhani nitapata jibu la mistari miwili nikajikuta nasoma mikataba ya miaka mia na zaidi, usiku kwa usiku, na mengi ya sheria ya kimataifa niliyokuwa nayaona ya huko The Hague na New York nikayakuta yamekaa hapahapa bondeni kwetu.

Ule mstari ulichorwa mwaka 1886, tarehe 30 Desemba. Ujerumani na Ureno walikubaliana kwamba Ruvuma ndiyo itenganishe vya kwao, kutoka mdomoni baharini kupanda juu mpaka mto Msinje unapoingia, halafu kwenda magharibi hadi Ziwa Nyasa. Hakuna Mmakonde aliyeulizwa, hakuna Myao, hakuna Mmakua. Watu wa kaskazini na kusini mwa mto walikuwa wanaoana, wanazikana, wanavuka kwa mitumbwi kwenda jando la watoto wa dada zao, na siku hiyo wakawa wa nchi mbili na wao hawana habari.

Halafu wenyewe waliouchora hawakuuheshimu. Mwaka 1894 Wajerumani walivuka wakachukua Kionga, lile pembe la ardhi kusini mwa mdomo wa mto, kwa sababu waliutaka mdomo wote wa mto uwe wao. Wareno wakanung'unika, hawakuwa na nguvu. Ikaja vita ya kwanza ya dunia, Wareno wakaichukua tena Kionga mwaka 1916, na vita ilipokwisha wakubwa wakakaa Ufaransa mwaka 1919 wakatamka rasmi kwamba Kionga ni ya Ureno, mwenyewe wa asili na halali. Hebu tafakari, mkutano ule uliogawanya dunia upya, wenye habari za Ulaya nzima, ulisimama kwa muda kidogo kuzungumzia kona yetu yenye mikoko na minazi, na kumwita Mreno mwenyewe wa asili wakati wenyewe wa asili walikuwa pale wanakausha dagaa. Baadaye Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, London na Lisbon wakaandikiana barua mwaka 1936 na 1937 kuhusu mstari upite wapi hasa ndani ya mto.

Kuna jambo lingine la enzi hizo linaloniuma. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na kipengele kilichotoa nafasi kwa ukanda mpana wa Afrika ya kati hadi pwani yetu ya mashariki ubaki nje ya vita endapo wakubwa watapigana wao kwa wao. Yaani maneno yalikuwepo. Mwaka 1914 yakapita hewani. Ndiyo maana Novemba 1917 jeshi la Wajerumani lilivuka Ruvuma likaivamia ngome ya Wareno pale Negomano, likabeba bunduki na chakula, na nyuma yao mistari ya wapagazi wetu, watu waliochukuliwa vijijini kubeba mizigo ya vita isiyowahusu, wengi hawakurudi. Likumbuke hili jina, Negomano, maana tutalirudia.

Kwa historia ya namna hiyo mtu mwenye akili timamu angesema mpaka huu ni wa dhuluma, tuufute. Na wapo waliosema. Kwame Nkrumah wa Ghana alikuwa anataka Afrika moja, mipaka iishe. Somalia ilikuwa inaona Wasomali wenzao wako Kenya na Ethiopia, Morocco nayo ilikuwa na madai yake. Lakini Julai 1964 wakuu wa nchi walikutana Cairo, na Mwalimu Nyerere akasimamia hoja iliyoamua kinyume, kwamba kila nchi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, inaahidi kuiheshimu mipaka iliyokuwepo siku inapata uhuru. Siyo kwa sababu ni mizuri. Ni kwa sababu ukigusa mmoja umegusa yote, na hakuna nchi ambayo ingepona.

Nilipokuwa kijana niliona uamuzi ule ni woga. Sasa hivi nikisimama mtoni naona tofauti. Mtu anayeongea Kimakonde akikaa Mueda kule Msumbiji na mwingine akikaa Newala huku kwetu, wangeweza viongozi wa pande zote mbili kila wakikosa kura kusema "ndugu zetu wako ng'ambo, tuwachukue", na sisi wa bondeni tungekuwa ndio uwanja. Hilo halijatokea hapa. Tumepakana na Msumbiji tangu wapate uhuru tarehe 25 Juni 1975, na hakuna serikali iliyowahi kumwambia mwenzake kipande hiki cha mto ni changu tukapigane. Kimya hicho kina sababu, na sababu mojawapo kubwa ni lile azimio la Cairo, na majaji wenyewe wa ICJ, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, mwaka 1986 wakiamua kesi ya Burkina Faso na Mali waliliegemea wazo hilohilo.

Wanaosema sheria ya kimataifa haina meno wananikera kidogo, maana wanaitafuta kwenye vita tu. Ni kama kusema ndoa hazifanyi kazi kwa sababu umekaa siku nzima mahakamani unasikiliza kesi za talaka.

Ila nisiipambe pia. Oktoba 1978 Idi Amin aliingiza majeshi Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza ardhi ile kaskazini mwa mto Kagera imekuwa ya Uganda. Kama kuna siku azimio la Cairo lilivunjwa mchana kweupe ni hiyo. OAU ikafanyaje? Ikasema tukae tusuluhishe, haikumlaani aliyevamia. Mwalimu ilimchoma sana. Tanzania ikamfukuza, halafu haikuishia mpakani, ikaingia mpaka Kampala Aprili 1979, na kwenye mkutano wa OAU Monrovia mwaka ule tukalaumiwa na sisi kwa kuingilia mambo ya ndani ya jirani. Mimi naamini tulikuwa na haki ya kumtoa Kagera, hilo halina mjadala, na kuhusu kwenda mpaka Kampala nimesikia wazee wa hapa waliopigana ile vita wakibishana mpaka kahawa inapoa. Ninachojua ni kwamba hata siku ile tulijieleza. Tulitoa sababu. Nchi inayodhani hakuna sheria haihangaiki kujieleza.

Sasa nirudi kwa bibi yangu, mama yake mama, maana kwangu hapa ndipo penyewe.

Bibi ni wa Mueda. Alikuwa msichana tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika pale kwenye ofisi ya utawala, na vita ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipoanza Septemba 1964 familia yao ikashuka kutoka uwandani usiku, wakavuka Ruvuma, mdogo wake amefungwa mgongoni kwa kanga. Alikuwa anasimulia akiwa anakuna nazi, mikono haisimami. "Tulifika upande huu alfajiri, tumelowa, tukakaa mchangani. Akaja askari. Nikasema basi, tumekwisha. Akatuuliza mmekula? Hakuuliza karatasi."

Baadaye wakapelekwa Rutamba, Lindi, kwenye makazi ya wakimbizi, wakapewa ardhi walime. Nilikuwa nashangaa kwa nini wapelekwe mbali hivyo wakati ndugu zao wako hapahapa mpakani, na jibu nikalikuta kwenye Mkataba wa OAU wa wakimbizi uliosainiwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Unasema wakimbizi wakalishwe umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi waliyotoka, kwa usalama. Tanzania ilikuwa tayari inafanya hivyo kabla ya mkataba kuandikwa. Na kuna mambo mengine mawili ndani ya mkataba ule ambayo nikiyasoma namuona bibi kabisa. Moja, kumpa mtu hifadhi kusihesabiwe na nchi yoyote kuwa ni uadui. Pili, mkimbizi si yule tu anayewindwa yeye binafsi kwa dini yake au siasa zake kama ulivyosema mkataba wa dunia wa 1951, bali hata anayekimbia uvamizi, kutawaliwa na wageni, au vurugu kubwa kwenye sehemu ya nchi yake. Kutawaliwa na wageni. Waafrika waliandika maneno hayo kwa ajili ya watu kama bibi, aliyekaa mchangani amelowa.

Ureno kipindi hicho ilikuwa inasema Msumbiji si koloni, ni mkoa wa Ureno wa ng'ambo ya bahari, hivyo mambo yake ni ya ndani, watu wasiingilie. Umoja wa Mataifa ulilikataa hilo Desemba 1960, kwa azimio lililozitaja Msumbiji, Angola na nyingine kwamba ni nchi zisizojitawala. Lilikuwa karatasi tu, halikumtoa Mreno hata mmoja. Lakini kuanzia hapo Tanzania ilipoipokea FRELIMO, ikaipa kambi Nachingwea ambako Samora Machel alifundisha wapiganaji wake, haikuwa inafuga waasi wa nchi ya watu, ilikuwa inasaidia watu wenye haki inayotambulika, na Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikaa Dar es Salaam tangu 1963 ikiwa na jina lake na ofisi yake wazi. Ndege za Wareno zilikuwa zinaruka huku juu yetu, wazee wa Newala wanakumbuka, lakini neno "koloni" lilikuwa limeshaandikwa, na kila kikao Ureno ilikuwa inazidi kubaki peke yake.

Ndiyo maana mambo ya mwaka 2021 yaliniumiza.

Vita ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji tunaopakana nao, ilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Huku tulianza kwa kusikia mlio kwa mbali na kuona moshi, halafu Oktoba 2020 washambuliaji wakavuka wakaja Kitaya, kijiji chetu wenyewe, wakaua watu wakachoma nyumba. Hofu iliyotushika sitaki mtu aidharau, tulikuwa tunalala tumevaa viatu. Tarehe 24 Machi 2021 ikashambuliwa Palma, na watu wakaanza kukimbilia mtoni kama bibi alivyokimbilia, njia zilezile, kanga zilezile. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likasema hadharani mwaka ule kwamba maelfu ya waliovuka kuingia Tanzania wamerudishwa Msumbiji, kupitia Negomano.

Negomano tena. Pale ambapo Mjerumani alivuka 1917 bila hodi. Pale ambapo Mei 2010 marais Kikwete na Guebuza walifungua Daraja la Umoja, mita 720 za zege kutoka Mtambaswala, wazo ambalo Mwalimu na Samora walikuwa nalo tangu Msumbiji inapata uhuru. Daraja lile lile la udugu.

Najua hoja ya usalama, nimeishi nayo. Katikati ya wanaokimbia anaweza kujificha anayekimbiza. Lakini mkataba wa 1969, ambao sisi ni wanachama, unasema mtu asikataliwe mpakani wala asirudishwe mahali ambapo uhai wake uko hatarini, na ukiwa na mzigo mkubwa unaomba wenzako wakusaidie kuubeba. Tungeweza kuwachuja. Tungeweza kuwapeleka mbali kama Rutamba. Nasema hivi kama mtu aliyezaliwa kwa sababu askari mmoja aliuliza mmekula.

Na nchi kama yetu, isiyo na manowari za kutisha mtu wala kura ya veto pale Baraza la Usalama, tunaishi kwa hizi ahadi kuliko wakubwa. Marekani mpaka leo haijajiunga na Mkataba wa Sheria ya Bahari na manowari zake zinapita zinakotaka. Sisi bila mkataba ule tusingekuwa na bahari.

Hilo la bahari nililielewa Msimbati, siyo vitabuni. Nilikuwa nimekaa na nahodha mmoja mzee anashona jarife, sindano ya mti inaingia inatoka, akaniambia zamani usiku ukiwa huko nje unaona taa za meli za kigeni nyingi mpaka unadhani ni mji, asubuhi hamna kitu. Akauliza, zile zilikuwa zinamwomba nani ruhusa? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa hakuna. Sheria ya zamani ilikupa maili chache tu kutoka ufukweni, zilizobaki ni za mwenye meli. Mwaka 1972 Kenya ndiyo iliyopeleka mezani wazo la eneo la kiuchumi la maili 200, nchi za Amerika ya Kusini nazo zilikuwa zinasukuma lao kama hilo, na kuanzia 1973 mazungumzo ya dunia yakachukua miaka tisa hadi mkataba kusainiwa Montego Bay, Jamaica, tarehe 10 Desemba 1982. Tanzania haikuwa msindikizaji. Jaji Joseph Warioba, huyuhuyu tunayemjua kwa mambo ya Katiba, alikuwa kati ya waliouhangaikia, akaongoza tume ya maandalizi iliyofuata, na baadaye akakaa kama jaji kwenye Mahakama ya Bahari kule Hamburg. Tuliridhia mwaka 1985, ukaanza kutumika 1994.

Maana yake ni hivi. Maili 12 za baharini kutoka pwani ni kama ardhi yako. Hadi maili 200, karibu kilomita 370, ambazo si mbali sana na safari ya kwenda Masasi na kurudi, samaki ni wako na kilicho chini ya sakafu ya bahari ni chako, ila meli za watu zina haki ya kupita. Gesi ya bahari kuu iliyoanza kugunduliwa 2010 mbele ya Lindi na Mtwara, ile tunayosubiri kiwanda chake Likong'o, Lindi, iko huko. Bila karatasi ya Montego Bay mwenye mashine za kuchimba angekuja akachimba akaondoka.

Wengi wanakumbuka samaki wa Magufuli, Machi 2009, meli Tawariq 1 ilipokamatwa ndani ya maili zetu na shehena ya jodari karibu tani 300, yeye akiwa waziri wa uvuvi. Watu wanakumbuka samaki. Kinachosahaulika ni kwamba meli ya doria iliyokwenda kuikamata ilikuwa ya Afrika Kusini, na juu yake walikuwemo wakaguzi wa nchi kadhaa za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakiwemo Wasumbiji. Sisi wenyewe hatukuwa na chombo cha kufika huko. Walikuja kwa sababu kuna makubaliano. Na kesi ile ikatufundisha upande wa pili vilevile, maana Mahakama ya Rufani iliwaachia waliokuwa wamehukumiwa, mwaka 2014, kwa kasoro za utaratibu, na mkataba wenyewe wa bahari kwenye ibara ya 73 hauruhusu kumfunga mvuvi wa kigeni jela kwa kosa la uvuvi kwenye eneo la kiuchumi isipokuwa nchi zimekubaliana, unatakiwa kuiachia meli na mabaharia haraka wakiweka dhamana. Nilipomwambia nahodha hilo aliacha kushona. Hakulipenda. Nikamwuliza, na vijana wetu wakikutwa maji ya Msumbiji? Akairudia sindano yake, akasema, "Haya, hapo sawa."

Kwenye bahari na Msumbiji tulikuwa na bahati, au niseme tulikuwa na watu wenye akili. Tarehe 28 Desemba 1988 nchi mbili hizi zilisaini mpaka wa baharini. Wakakubaliana namna ya kuufunga mdomo wa Ruvuma kwa mstari, na huko mbele mstari wa eneo la kiuchumi ukaelekea mashariki moja kwa moja, sambamba na latitudo. Mwaka 1988! Miaka 22 kabla ya mtu yeyote kujua kuna utajiri gani wa gesi ya bahari kuu pande zote mbili za mstari ule, maana bonde la chini ya bahari ni lilelile, halijui pasipoti. Walikubaliana wakati huko bahari kuu hakuna cha kugombea. Mwaka 2011 wakakaa tena na Komoro kuainisha pale mistari ya nchi tatu inapokutana.

Angalia wenzetu. Kenya na Somalia hawakuwahi kumaliza, fununu za mafuta zikaja kabla ya mstari, Somalia ikaenda ICJ mwaka 2014, Kenya ikagoma kushiriki kwenye usikilizwaji wa 2021, hukumu ikatoka tarehe 12 Oktoba mwaka huo na kuipa Somalia sehemu kubwa ya ilichodai, na Kenya ikatamka kwamba haiikubali. Wavuvi wa Lamu na wa Ras Kamboni ndio wanaobeba. Na sisi na Malawi bado tuna Ziwa Nyasa, wao wanashika mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa 1890 unaoweka mstari ufukweni kwetu, sisi tunasema katikati ya maji, na aliyepewa kazi ya kutusuluhisha ni Joaquim Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji. Yaani jirani wa Ruvuma ndiye aliyetuita mezani kuhusu ziwa. Mimi hilo naliona jambo kubwa.

Hata majeshi. Julai 2021 SADC ilipopeleka kikosi Cabo Delgado, na askari wetu wakiwemo, walivuka kwa sababu Msumbiji ilikubali na kikao cha nchi wanachama kilipitisha, na Julai 2024 muda wa kikosi kile ukaisha. Ruvuma imevukwa na wenye bunduki mara nyingi. Safari hii walibisha hodi.

Sasa, dungu.

Nilichomletea mjomba ni hiki. Mto unaotenganisha nchi, kwa kawaida mpaka unafuata mkondo wenye kina kirefu zaidi. Mto ukila ukingo polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka unahama nao. Lakini mto ukivunja ghafla ukakata njia mpya kwa mafuriko, mpaka unabaki palepale ulipokuwa, kwenye mkondo wa zamani hata kama umekauka. Kwa hiyo njomba, nikamwambia tukiwa tumekaa ukingoni pamoja, mguu wake umekanyaga mizizi iliyobaki wazi pale maji yalipokata, kama mto umevunja ghafla kama unavyosema, basi mpaka uko kule kwenye matete, na dungu lako kwa kanuni hiyo liko Tanzania. Ila wa kuthibitisha ni wapimaji wa nchi mbili wakikaa pamoja na mikataba yao, siyo mimi.

Akaangalia kule kwa muda. Migomba ilikuwa imezaa.

"Wameshakuja kuangalia," akasema. "Kuna mzee wa kule ng'ambo, analima jirani na matete. Tumeongea. Mama yake na bibi yako walitoka kijiji kimoja."

Walikuwa wameshakubaliana kabla sijafungua kitabu hata kimoja. Mpunga uliopo mjomba avune, ndizi wagawane, mipaka ya mashamba ibaki kama ilivyokuwa mpaka serikali zitakapokuja na bikoni zao, na wenyeviti wa vijiji vyote viwili wajue. Walizungumza Kimakonde, wameketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, na mwenyekiti wa upande wa pili alikuja na daftari akaandika kwa Kireno, wa kwetu akaandika kwa Kiswahili, wakasaini yote mawili.

Msimu huu mjomba amejenga dungu lingine huku kwetu. Lile la kule anakaa yule mzee, anaamia ndege wa mashamba yote mawili, na kundi likiruka kuja upande huu anapiga mluzi mmoja mrefu kuvuka maji, mjomba anachukua kopo lake.